Kulipia miwani na matibabu ya macho kwa pesa isiyokatwa kodi: mwongozo wa FSA na HSA kwa wafanyakazi wa Marekani

Kila mwaka, kuanzia Oktoba hadi mapema Desemba, waajiri wengi wa Marekani huwatumia wafanyakazi wao ujumbe mrefu kuhusu bima ya mwaka unaofuata. Wengi wetu tunaufungua kwenye simu wakati wa mapumziko, tunachagua bima ileile ya mwaka jana, tunabonyeza mpaka mwisho na kurudi kwenye zamu. Katikati ya kurasa hizo kuna sehemu inayouliza ungependa kuweka kiasi gani kwenye FSA au HSA. Hapo ndipo watu huacha sifuri, kwa sababu herufi hizo tatu hazina maana yoyote kwao.

FSA (Flexible Spending Account) na HSA (Health Savings Account) ni akaunti zinazopokea sehemu ya mshahara wako kabla haijakatwa kodi, nawe unaitumia kulipia matibabu. Si msaada wa serikali na si mkopo. Ni jasho lako mwenyewe. Ukinunua miwani ya dola 300 kwa pesa ya kawaida, ilibidi kwanza upate kama dola 370 au zaidi ili baada ya makato zibaki 300. Ukiinunua kwa pesa ya akaunti hii, dola 300 ulizofanyia kazi ndizo hizohizo zinazofika dukani.

Ninashauri uanze na macho hata kama hujawahi kugusa akaunti hizi, kwa sababu gharama za macho zinatabirika kuliko karibu gharama nyingine zote za afya. Hakuna anayejua lini atavunjika mguu. Lakini anayevaa miwani anajua ataibadilisha lini, mwenye lenzi za kuvaa ndani ya jicho anajua anamaliza maboksi mangapi kwa mwaka, na mzazi anajua kwamba mtoto wa miaka kumi atahitaji kupimwa upya kabla shule hazijafunguliwa. Akaunti hizi humfaa sana mtu anayeweza kupiga hesabu mapema.

Hatua ya 1: Jua una akaunti ipi

Waulize watu wa HR, yaani idara ya wafanyakazi, swali moja: "Mnatoa FSA ya afya, HSA, au FSA ya meno na macho pekee?" Jibu litabadilisha mambo mengi huko mbele, kwa hiyo lipate kwa maandishi ukiweza.

FSA ya afya ni ya mwajiri. Unachagua kiasi cha mwaka mzima, kisha unakatwa kidogo kidogo kila mshahara. Kwa mwaka 2026 kikomo ni dola 3,400 kwa kila mfanyakazi. Mume na mke wanaofanya kazi sehemu mbili wanaweza kuwa nayo kila mmoja, hadi kikomo hicho kila mmoja. Uzuri wake mkubwa ni huu: kiasi chote ulichoahidi kipo tayari kutumika siku ya kwanza ya mwaka wa mpango. Ukiahidi dola 780 na unalipwa kila baada ya wiki mbili, utakatwa dola 30 kwa kila mshahara. Hata hivyo, Januari, ukiwa umekatwa mara moja tu, unaweza kununua miwani ya dola 780 nzima. Ubaya wake ni kwamba usipoitumia kwa wakati, inapotea. Nitalirudia hilo mbele.

HSA ni akaunti yako mwenyewe, kama akaunti ya benki, na unahama nayo ukibadilisha kazi. Pesa haiishi muda wake. Lakini ili uruhusiwe kuweka pesa, lazima uwe na bima maalumu ya afya ambayo unajilipia kiasi kikubwa kabla bima haijaanza kulipa. Kwa 2026 kiasi hicho ni angalau dola 1,700 kwa mtu mmoja au dola 3,400 kwa familia. Vikomo vya kuweka kwa 2026 ni dola 4,400 kwa bima ya mtu mmoja na dola 8,750 kwa bima ya familia, na aliyefikisha miaka 55 huongezewa dola 1,000. Tofauti na FSA, hapa unatumia kilichokwisha kuingia tu. Kama Februari mna dola 120 ndani, ni hizo 120.

Ipo pia FSA ya meno na macho pekee, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye HSA. Ukiwa na HSA huruhusiwi kuwa na FSA ya kawaida kwa wakati uleule, lakini hii ya meno na macho inaruhusiwa. Mwajiri wako akiitoa, lipia macho kwa hiyo na uache HSA ikue kwa ajili ya siku mbaya.

Hapa pana mtego unaowanasa wanandoa. Mume akiwa na HSA kazini kwake, na mke akijiandikisha FSA ya kawaida kazini kwake, mume anapoteza haki ya kuweka pesa kwenye HSA, kwa sababu FSA ya mke inahesabiwa kuwa inamhudumia na yeye pia. Kaeni mezani pamoja kabla ya kila mmoja kujaza fomu yake.

Mtego wa pili ni mdogo lakini unauma. Kwenye fomu hiyohiyo kuna FSA nyingine ya malezi ya watoto, yaani ya kulipia mtu au kituo kinachokulelea mtoto wakati uko kazini. Majina yake yanafanana. Ukiweka dola 800 kwenye hiyo, huwezi kununua hata chupa ya maji ya kusafishia lenzi. Soma kichwa cha kila sanduku mara mbili.

Madereva wa lori na wa teksi za programu wanaolipwa kama wafanyabiashara binafsi hawawezi kuwa na FSA, kwa sababu hawana mwajiri wa kuwaendeshea. HSA wanaweza kuifungua wenyewe benki, mradi bima yao ya afya iwe ya aina inayokubalika. Tangu 2026, mipango ya bima ya daraja la Bronze inayonunuliwa kwenye soko la serikali imo kwenye kundi hilo. Dereva wa lori ambaye kwa kawaida hutakiwa kufikia kiwango cha kuona cha 20/40 kwa kila jicho ili apite uchunguzi wa afya wa DOT, Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, ana sababu ya kutosha ya kulifuatilia.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya macho ya nyumba nzima

Chukua karatasi kabla dirisha la kujiandikisha halijafunguliwa. Andika kila mtu wa nyumbani na atakachohitaji kwa miezi kumi na miwili. Andika tu kile kitakachobaki baada ya bima ya macho kulipa sehemu yake, kwa sababu sehemu iliyolipwa na bima huwezi kuidai tena.

Tuseme ni baba, mama na binti wa sekondari. Mama anavaa lenzi za ndani ya jicho: maboksi ya mwaka baada ya bima dola 240, na maji ya kusafishia dola 10 kila mwezi, yaani 120. Baba amefika umri wa kuhitaji kioo chenye nguvu mbili, ya mbali na ya kusomea: nyongeza juu ya bima dola 180, na miwani ya jua yenye vipimo vyake kwa ajili ya kuendesha gari dola 150. Binti atachangia dola 20 kwa kupimwa, na miwani ya akiba dola 70, maana ile ya kwanza huvunjika kwenye mpira. Jumla ni dola 780.

Sasa angalia faida. Kodi ya Social Security na Medicare ni asilimia 7.65 ya mshahara. Familia iliyo kwenye daraja la asilimia 12 la kodi ya mapato ya serikali kuu inaokoa asilimia 19.65, yaani kama dola 153 kwenye 780. Aliye daraja la asilimia 22 anaokoa kama dola 231. Katika majimbo mengi yanayotoza kodi ya mapato, kuna nafuu nyingine juu ya hiyo. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo wa Houston hesabu yao inaishia hapo. California na New Jersey hazisamehi kodi ya jimbo kwa pesa ya HSA, ingawa serikali kuu inasamehe.

Mtu mwenye watoto kadhaa na mshahara mdogo huenda halipi kabisa kodi ya mapato ya serikali kuu. Yeye bado anaokoa ile asilimia 7.65. Faida ni ndogo, na hatari ya kupoteza pesa iko palepale, kwa hiyo aweke kile tu ambacho ana uhakika nacho. Na kama watoto wake wako kwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, uchunguzi wa macho na miwani yao vinalipiwa huko. Asiwahesabie kwenye FSA.

Maoni yangu kuhusu kiasi: mara ya kwanza, weka gharama za uhakika tu, usiongeze "kwa ajili ya dharura". Dharura ndiyo inayofanya watu wakimbie dukani Desemba kununua vitu wasivyovihitaji. Mwaka wa pili utakuwa na risiti za mwaka wa kwanza za kukuongoza.

Hatua ya 3: Jiandikishe ndani ya muda

Kwa kawaida mpango huanza Januari 1, lakini baadhi ya shule na hospitali huanza Julai 1. Ukikosa dirisha la kujiandikisha, FSA unaisubiri mwaka mzima, isipokuwa kama umepatwa na badiliko kubwa la maisha: umeoa au umeolewa, umepata mtoto, umepoteza bima nyingine. Kwa waajiri wengi una siku 30 tu tangu badiliko hilo. Mfanyakazi mpya naye hupewa dirisha lake, mara nyingi siku 30 kutoka siku aliyoanza. Hizo ndizo siku ambazo mtu bado anatafuta njia ya kufika kazini na kujifunza majina ya wasimamizi, kwa hiyo weka ukumbusho kwenye simu.

Kiasi cha FSA ukishakithibitisha hukibadilishi katikati ya mwaka bila badiliko la aina hiyo. HSA ni nyepesi zaidi, unaweza kuongeza au kupunguza makato mwaka ukiendelea. Ukiwa na HSA, weka kupitia mshahara kadiri unavyoweza. Ukiweka mwenyewe kutoka benki utarudishiwa kodi ya mapato unapojaza fomu za kodi, lakini ile asilimia 7.65 itakuwa imeshakwenda.

Mshahara wa kwanza wa mwaka mpya ukitoka, fungua karatasi ya mshahara uone kama makato yapo na yako kwenye jina sahihi. Kosa likigunduliwa Januari hurekebishwa kwa urahisi kuliko likigunduliwa Juni.

Hatua ya 4: Nenda kupimwa, na utoe bima inayohusika

Hapa wengi huchanganya. Bima ya macho ni ya kupima uwezo wa kuona na kununua miwani. Ugonjwa wa macho ni kazi ya bima ya afya ya kawaida. Mwenye kisukari anayekwenda kuangaliwa nyuma ya jicho, mwenye presha ya macho, mwenye mtoto wa jicho, aliyeingiwa na kitu jichoni kiwandani: hao hutumia kadi ya bima ya afya. Peleka kadi zote mbili na useme mwenyewe mapokezini kilichokuleta. FSA au HSA italipia kile utakachotakiwa kuchangia kwa bima yoyote kati ya hizo.

Nalisisitiza hili la magonjwa kwa sababu presha ya macho huwapata watu weusi zaidi na mapema zaidi, na haiumi. Mtu anaweza kupoteza sehemu ya kuona kwake bila kujua. Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani inashauri mtu mweusi akifikisha miaka 40 apimwe kwa kupanuliwa mboni kila mwaka mmoja au miwili, na mwenye kisukari kila mwaka. Ukipanuliwa mboni, mwanga utakuchoma kwa saa kadhaa. Nenda na miwani ya jua, na ikiwezekana mtu wa kukuendesha.

Daktari anaweza kukupendekezea picha ya nyuma ya jicho kwa malipo ya pembeni ambayo bima ya macho mara nyingi hailipi. Akaunti yako inailipia.

Kabla hujatoka, chukua karatasi ya vipimo. Kwa kanuni ya serikali kuu inayosimamiwa na FTC, tume ya biashara ya Marekani, daktari anapaswa kukupa nakala mara tu anapomaliza kukupima, uombe usiombe, bila kukutoza nyongeza. Hulazimiki kununua miwani hapohapo. Omba pia wakupime umbali kati ya mboni mbili na kukuandikia, kwa kuwa kanuni hiyo haiwalazimishi kuutoa, na bila namba hiyo kununua mtandaoni ni shida.

Hatua ya 5: Nunua kinachokubalika

Vinavyokubalika ni vingi: uchunguzi wa macho, miwani yenye vipimo pamoja na fremu yake, miwani ya jua yenye vipimo, miwani ya kusomea hata ile ya kuokota kwenye rafu ya duka la dawa, lenzi za kurekebisha kuona, maji ya kuzisafishia, na upasuaji wa macho. Tangu sheria ya CARES ya Machi 2020, dawa za macho za dukani, kama za mzio au ukavu, nazo zinakubalika bila kuandikiwa na daktari.

Visivyokubalika: miwani ya jua ya mapambo isiyo na vipimo, lenzi za kubadilisha rangi ya macho zisizorekebisha kuona, mkataba wa dhamana ambao muuzaji hukuongezea mwishoni, na ada yenyewe ya bima ya macho. Ile ya dhamana ndiyo inayopita bila mtu kuiona. Muuzaji huiweka kwenye bili moja na miwani, kadi ya FSA inakubali, miezi miwili baadaye unaandikiwa urudishe dola 30.

Dukani fuata mpangilio huu. Kwanza acha bima ilipe sehemu yake na punguzo liingie. Kisha uliza bei ya mwisho, na pia bei kama usingetumia bima kabisa. Wakati mwingine duka kubwa kama Costco au Walmart, au duka la mtandaoni, linauza jozi nzima kwa chini ya nyongeza unayotakiwa kulipa kwa daktari. Mwishowe toa kadi ya FSA au HSA kwa kilichobaki. Kama kadi imekataa, usiogope wala usirudishe miwani. Lipa kwa kadi yako ya kawaida, chukua risiti, udai kurejeshewa kwenye tovuti ya mpango.

Hatua ya 6: Risiti

Kama ungesoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningependa iwe hii, maana madai mengi hukwamia hapa. Kijikaratasi cha mashine ya kadi kinachosema "dola 224, imekubaliwa" si risiti kwa watu wa FSA. Wanataka mambo matano: jina la aliyetoa huduma, jina la mgonjwa, tarehe ya huduma, kilichofanyika au kununuliwa, na kiasi ulicholipa wewe baada ya bima.

Risiti nzuri inaonekana hivi:

Mtoa huduma: jina la kliniki
Mgonjwa: jina la binti
Tarehe ya huduma: 14 Machi 2026
Uchunguzi wa macho: dola 95
Picha ya nyuma ya jicho: dola 39
Fremu: dola 160
Lenzi zenye vipimo: dola 140
Bima imelipa: dola 210
Mgonjwa amelipa: dola 224

Mwambie karani "nahitaji risiti yenye mchanganuo kwa ajili ya FSA" ukiwa bado umesimama mbele yake. Wanaijua na wanaichapa kwa dakika moja. Kuifuata baadaye kwa simu ni kusukumwa huku na huku. Kama ulitumia bima, ile taarifa ya malipo ambayo bima hutuma baada ya huduma inafaa pia, na mara nyingi ndiyo inayokubalika upesi kuliko zote.

Piga picha ya risiti papo hapo, ihifadhi kwenye jalada moja la mwaka huo. Ukiletewa ujumbe wa kuthibitisha malipo usiupuuze. Watu husema "si kadi ilikubali?" Kadi kukubali si mwisho wa habari. Usipojibu, kadi itafungwa, na kiasi hicho kinaweza kuhesabiwa kama mshahara na kukatwa kodi.

Kwa HSA hakuna anayekuomba risiti wakati wa kulipa, na hapo ndipo watu hulala. Mamlaka ya kodi, IRS, inaweza kukuuliza baadaye. Matumizi yasiyo ya matibabu kabla ya miaka 65 hukatwa kodi pamoja na adhabu ya asilimia 20. Kwa upande mwingine HSA ina uhuru mzuri: unaweza kulipia miwani leo kwa pesa ya mfukoni, ukaitunza risiti, ukajirejeshea miaka mitatu baadaye, mradi gharama ilitokea baada ya akaunti kufunguliwa. Usisahau fomu 8889 unapojaza kodi za mwaka. FSA haina fomu ya namna hiyo.

Upasuaji wa leza

Kwa anayefikiria kuachana na miwani, hapa ndipo FSA inapofanya kazi kubwa kuliko pengine popote. Upasuaji wa leza mara nyingi hugharimu dola 2,000 au zaidi kwa kila jicho, na bima za macho kwa kawaida hutoa punguzo tu. Lakini usiweke dola 3,400 kwa matumaini. Si kila jicho linafaa: konea inaweza kuwa nyembamba, vipimo vinaweza kuwa bado vinabadilika. Ukikataliwa Februari, pesa imeshafungwa.

Kwa hiyo nenda kufanyiwa tathmini Septemba au Oktoba, kabla ya dirisha la kujiandikisha. Kama unavaa lenzi laini, acha kuzivaa wiki mbili kabla ya tathmini, na ngumu zaidi ya hapo kama daktari atakavyokuelekeza, vinginevyo vipimo havitakuwa sahihi. Ukikubaliwa, jiandikishe kwa kiasi kamili, panga upasuaji mapema mwaka mpya, na ulipe wote siku hiyo kwa kadi, kwa sababu FSA yote ipo tayari. Mwenzako akiwa na FSA kazini kwake, anaweza kulipia sehemu iliyobaki, ila dola ileile isidaiwe mara mbili. Kumbuka kinachohesabika ni tarehe ya upasuaji, si tarehe uliyotoa amana.

Wazazi walioko nyumbani Afrika Mashariki, na miwani ya likizo

Swali hili huulizwa na kila mmoja wetu. Je, naweza kumlipia mama aliyeko Tanga upasuaji wa mtoto wa jicho kwa FSA yangu? Hapana. Hata kama unamtumia kila kitu, mtegemezi kwa mujibu wa kodi lazima awe raia wa Marekani au mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Mama anayeishi nawe Columbus au Louisville kama mkazi, na unayemtunza kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake, huyo anaweza kuingia. Mama aliyekuja kutembea miezi mitatu, hapana.

Watoto: kwa FSA unaweza kumlipia mtoto wako hadi mwisho wa mwaka anaofikisha miaka 26, hata kama anajitegemea. Kwa HSA lazima awe bado ni mtegemezi wako kwenye kodi.

Ukienda likizo Mombasa au Dar es Salaam ukapimwa na kutengenezewa miwani yako huko, hiyo ni gharama yako halali. Kadi ya FSA huenda isifanye kazi kule, kwa hiyo lipa mwenyewe na udai ukirudi. Risiti iwe na yale mambo matano. Ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili, ambatisha tafsiri, na uonyeshe kiasi kwa dola kwa kiwango cha siku uliyolipa. Dawa za kurudi nazo Marekani usizidai, maana dawa zilizoingizwa kutoka nje hazikubaliki.

Mwisho wa mwaka, na ukiacha kazi

Mwajiri anaruhusiwa kukupa moja kati ya nafuu mbili za FSA, au asitoe yoyote. Ya kwanza ni kuhamisha salio: kutoka 2026 kwenda 2027 ni hadi dola 680. Ya pili ni miezi miwili na nusu ya ziada ya kutumia, yaani hadi Machi 15 kwa mpango wa Januari. Uliza kwenu ni ipi. Kisha kuna muda wa kuwasilisha madai, mara nyingi siku 90, ambao ni wa kupeleka risiti za huduma za mwaka uliopita tu. Kununua kitu kipya ndani ya siku hizo hakuhesabiki.

Salio likikukuta Novemba, panga miadi mara moja, kwa sababu Desemba madaktari wa macho hujaa. Jozi ya akiba, miwani ya jua yenye vipimo, au maboksi ya lenzi ni vitu utakavyovitumia kweli.

Ukiacha au kuachishwa kazi, FSA kwa kawaida hufungwa siku yako ya mwisho, au mwisho wa mwezi huo kwa baadhi ya mipango. Ukijua unaondoka, pimwa na ununue kabla. Hata kama umetumia zaidi ya ulichokatwa, mwajiri haruhusiwi kukudai tofauti. HSA yako utaondoka nayo.

Dai likikataliwa

Soma sababu waliyoandika, kwa kuwa mara nyingi ni risiti isiyo na mchanganuo au tarehe ya huduma inayokosekana. Rudisha karatasi sahihi kwa njia ileile uliyotumia kudai. Kama wanashikilia kwamba kitu hakikubaliki na wewe una hakika kinakubalika, andika rufaa. Kwa wafanyakazi wa kampuni binafsi, sheria huwapa siku 180 tangu walipopokea barua ya kukataliwa. Ambatisha karatasi ya vipimo, risiti, na maelezo mafupi ya daktari kwamba kitu hicho ni cha kutibu au kurekebisha kuona. Weka nakala ya kila unachotuma, na ukipiga simu andika tarehe na jina la uliyezungumza naye.